Mliopanda hadi jinja za milimani Japani, juu mlikuta nini? Tupeane uzoefu

Mpiga Ngazi

Wakuu, salaam nyingi kutoka Kyoto.

Niondoe mkanganyiko kwanza. Wiki iliyopita nilimwambia shemeji yangu wa Bukoba kwamba Jumamosi nilishinda jinja. Akanuna: umefikaje Uganda bila kupita kwangu? Jinja ninayoisema siyo ile ya kwenye chanzo cha Nile. Kwa Wajapani jinja ni mahali pa ibada ya Kishinto. Usichanganye na hekalu la Kibudha. Angalia mlangoni: ukiona nguzo mbili zimesimama na boriti mbili zimelala juu yake, hilo ni lango la torii, na hapo ni jinja. Mitaani ziko tele, unazipita ukienda kununua mkate. Uzi huu ni wa zile za mlimani.

Yangu ni Fushimi Inari, kusini mwa mji. Kwa kumbukumbu zao ipo tangu mwaka 711. Treni inakushusha stesheni ya Inari, kituo cha pili tu kutoka Kyoto, ukivuka barabara umefika. Hakuna kiingilio na haifungwi, usiku wala mchana. Mara ya kwanza nilienda saa tano asubuhi mwezi wa nne, na watu walikuwa kama Kariakoo siku mbili kabla ya Idi. Nikapenya, nikapiga picha kwenye yale malango mekundu mnayoyaona mitandaoni, nikarudi kula. Miezi mitatu nikawa najitapa kuwa Fushimi Inari nimeimaliza.

Siku moja bibi mwenye nyumba yangu akaniuliza: "Ulifika juu?" Nikamjibu ndiyo, hadi kwenye malango. Akacheka huku kaziba mdomo kwa kiganja. Kumbe niliishia barazani. Mlima wenyewe wote ndio jinja.

Nikarudi saa kumi na moja alfajiri, peke yangu na paka (wapo wengi mle, wanene, hawamwogopi mtu). Malango ya mlima huu yanakadiriwa kufika 10,000, yamebanana hadi unatembea kama ndani ya handaki la mbao. Ukipanda unaona nguzo tupu, rangi kati ya nyekundu na chungwa. Geuka nyuma sasa: kila nguzo ina maandishi meusi, jina la aliyeitoa na tarehe. Kampuni, duka la samaki, familia. Inari alikuwa mungu wa mpunga, baadaye wafanyabiashara nao wakamfanya wao, kwa hiyo ukifanikiwa unatoa lango kushukuru. Dogo ni laki kadhaa za yen, kubwa linapita milioni. Na mbao ni mbao. Utakuta nguzo imeoza chini imefungwafungwa, jirani yake mpya rangi bado inanukia. Mbweha wa mawe kila kona, mmoja kashika ufunguo wa ghala mdomoni, mwingine shuke la mpunga. Wengi husema pale wanaabudu mbweha. Hapana, mbweha ni tarishi tu.

Nusu ya njia kuna njia panda inaitwa Yotsutsuji, Kyoto yote iko chini yako. Wengi wanageuzia hapo, na sasa nawaelewa. Mimi nikaendelea, ngazi juu ya ngazi, bei ya chupa ya maji nayo inapanda nasi. Mlima wenyewe ni mita 233 tu, usicheke, nenda kwanza. Nilipofika kwenye kibao cha kilele nikaanza kuzunguka nikitafuta kilele. Nilikuwa nimesimama juu yake. Hakuna mandhari. Miti imekuzunguka, kuna madhabahu ndogo, na mawe mengi yamepangwa yakiwa na vitorii vidogo kama vya kuchezea watoto.

Nikakaa kwenye jiwe moja nikatoa andazi langu. Mama mmoja mtu mzima akapanda taratibu, akaniona, akasimama. Hakunikaripia. Aliniinamia, kisha akanionyesha benchi kwa mikono yote miwili. Baadaye ndipo nikajua yale mawe yana majina ya miungu yaliyochongwa, yamewekwa na familia na vikundi vya waumini, na mengine yana umri wa kumzidi babu yangu. Fikiria mgeni anakuja kijijini kwenu anakaa juu ya kaburi anakula andazi.

Haya. Nyie mlikopanda, juu mlikuta nini?

Naweka Kiti

Mkuu, mimi nilifika Fushimi Inari na juu sikufika. Nilifika kwenye kibanda cha udon, zile tambi nene, zenye kipande cha tofu (jibini ya soya) ya kukaanga juu. Eti mbweha ndiyo chakula chake. Nilikula mbili. Sina la kuongeza, nasoma.

Kata Moja

Andazi ni afadhali, mkuu. Ngoja nikupe yangu.

Kabla hujaingia jinja kuna birika la mawe lenye maji, na kata zimepangwa juu yake. Kata kabisa, kama ya bibi kwenye mtungi, ila mpini ni mianzi. Nilikuwa nimepanda mlima saa nzima, jua la Agosti, nikaona hawa watu wana utu, wameweka maji ya wapita njia. Nikachota, nikanywa. Nikachota ya pili. Nikawa nataka kujaza chupa, ndipo nikaona foleni nyuma yangu imenyamaza kimya.

Kwa faida ya wanaofuata: unachota mara moja tu. Mkono wa kulia unashika kata, unaosha wa kushoto. Unabadilisha, unaosha wa kulia. Unamimina kidogo kwenye kiganja cha kushoto, unasukutua, unatema chini pembeni, siyo birikani. Unaosha tena kiganja. Kisha unasimamisha kata ili maji yaliyobaki yateremke yaoshe mpini kwa ajili ya anayekuja nyuma. Hiyo ya kuosha mpini ndiyo niliyoipenda, hata nyumbani nimeianza.

Mbele ya ukumbi unatupa sarafu kwenye sanduku, unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama mara moja. Wengi wanapenda sarafu ya yen 5, kwa sababu matamshi yake, *go-en*, yanafanana na neno la kuunganishwa na watu. Ina tundu katikati. Baba yangu nilipompelekea moja akasema mbona hii ni senti kumi ya mkoloni?

Na usipite katikati ya njia chini ya torii. Katikati ni ya mwenye nyumba. Wewe pita ubavuni.

Mtu wa Tanga

Samahani wakuu, sitaki kuharibu uzi. Hayo makofi na kuinama, dini zetu zinasemaje? Mimi Muislamu, nimepata nafasi ya masomo huko, nisije nikarudi na kitu kingine.

Kata Moja

Mimi Mlutheri, nilinawa (na kunywa!) lakini sikupiga makofi. Hakuna aliyeniuliza.

Ubani na Udi

Ndugu yangu wa Tanga, mimi Muislamu pia, mwaka wa nne niko Osaka. Nimetembelea jinja nyingi. Naingia kwa adabu, nasimama pembeni, sipigi makofi, sitoi sarafu, sinunui hirizi. Wajapani niliofuatana nao hawajawahi kunilazimisha hata mara moja. Mwenye shaka azungumze na shehe wake, mimi nakueleza nilivyoishi nao tu. Kinachowaudhi siyo wewe kutoomba, ni kelele, na kuwapiga picha watu wakiwa wanaomba.

Mwana wa Kwale

Naongezea kidogo. Kwetu Diani iko Kaya Kinondo, msitu wa wazee wa Kidigo. Kaya za Mijikenda ziliingia urithi wa dunia wa UNESCO 2008. Mgeni akija hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, na hatoki na hata jani moja. Watalii wanaifunga hiyo kaniki, hakuna anayeuliza kama amebadili dini. Nilipoona Japani mti mkubwa umevishwa kamba nene na karatasi nyeupe zimening'inizwa, sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Dada wa Tsuruoka

Mmenikumbusha mbali. Mimi mwenyeji wa Morogoro, nilisomea kilimo Tsuruoka, mkoa wa Yamagata, kaskazini kule theluji inakofunika baiskeli ukaitafuta hadi Machi. Karibu na hapo iko milimita mitatu... samahani, *milima* mitatu (simu hii!) inayoitwa Dewa Sanzan: Haguro, Gassan na Yudono. Wanasema ilifunguliwa na mwana wa mfalme, Hachiko, mwaka 593. Haguro ndio mfupi, mita 414. Ila una ngazi 2,446 za mawe.

Kitu cha kwanza kilichonichanganya: ngazi zinaanza kwa kushuka. Unaingia lango kuu, ukijiandaa kupanda, njia inakuteremsha hadi mtoni, kuna daraja jekundu na maporomoko madogo. Zamani wahujaji walioga pale kwanza. Ukivuka unakutana na mierezi, wao wanaita sugi, imepangwa pande mbili za njia, mingi ina miaka 300 hadi 500. Mmoja unaitwa Mzee Sugi, umepita miaka elfu. Alikuwa na mkewe, Bibi Sugi, akaangushwa na dhoruba mwaka 1902. Niliambiwa hivyo na mwenzangu wa maabara kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba wa jirani.

Kisha kati ya miti, bila kutangazwa, unaona mnara wa ghorofa tano. Mita 29, mbao tupu, haina rangi hata tone, imekuwa ya kijivu kama gome. Una miaka kama 600. Nilisimama pale muda mrefu kuliko juu. Huo mnara asili yake ni wa Kibudha. Zamani hizi dini mbili zilikuwa zimefumana pale mlimani, hadi serikali mpya ya mfalme Meiji ilipoamuru zitenganishwe mwaka 1868. Majengo mengi ya Kibudha yakavunjwa. Mnara ukabaki, ukawa mali ya jinja. Na watawa wa mlimani, yamabushi, ambao njia yao ilikuwa mchanganyiko wa vyote, wakapigwa marufuku 1872. Lakini wapo hadi leo. Utawaona na nguo nyeupe wakipuliza kombe kubwa la baharini kama baragumu. Kule mlimani! Kombe!

Haya, ngazi. Kuna miteremko mitatu ya kupanda. Wa pili unaitwa *Mwaga-mafuta*, eti hata yule shujaa Benkei, jitu la miraba minne, alimwaga mafuta aliyobeba kwa jinsi ulivyosimama. Mimi nilibeba mkoba na mwavuli tu na nikakaa chini mara nne. Kwenye mawe ya ngazi wamechonga vipicha, kibuyu, kikombe cha pombe ya mchele, ua la yungiyungi, jumla 33, na ukiviona vyote unapata haja yako. Nilipata tisa. Haja yangu ilikuwa kufaulu mtihani wa takwimu, kwa hiyo mnaweza kukisia.

Juu ya huo mteremko kuna kibanda cha chai. Wanauza mochi ya nguvu, wali wa kunata uliotwangwa ukawa kama ugali unaovutika, na wanakupa cheti kuwa umepanda ngazi 2,446. Cheti changu mama amekiweka sebuleni karibu na cha digrii. Wageni wanafikiri ni cha chuo.

Sasa swali la mwenye uzi, juu nilikuta nini. Nilikuta maegesho ya magari. Kuna barabara! Basi limesimama, wazee wanashuka na miavuli yao, viatu vikavu, wananiangalia nilivyolowa jasho. Mmoja akaniambia kwa Kijapani nilichokielewa vizuri kabisa: umefanya kazi kubwa. Nikacheka hadi nikakaa.

Lakini ukumbi wa juu, wakuu. Paa ni la nyasi, unene wake mita 2.1. Siyo urefu, *unene*. Hakuna mtu humu anayeufikia akisimama. Ukumbi huu ulijengwa upya 1818, na ndani yake wameweka miungu ya milima yote mitatu pamoja, kwa sababu Gassan na Yudono hazifikiki theluji ikianguka.

Mpiga Ngazi

Dada, hilo basi limenimaliza. Na hiyo ya tatu, Yudono, ulifika?

Baharia wa Kibokoni

Asalaam aleikum. Mie si msomi wa chuo, mie baharia, sasa nimestaafu nipo Mombasa nasoma hizi habari kwa miwani ya mke wangu.

Meli yetu ilipandishwa chelezo Marugame, kisiwa cha Shikoku, tukakaa wiki tatu kungoja injini. Fundi mmoja wa pale, mzee, aliponiuliza nimesafiri miaka mingapi, nikamwambia ishirini na sita. Akanitazama. Akasema, miaka ishirini na sita na hujaenda Konpira-san? Kama mtu alosikia hujawahi kumuamkia mamako.

Basi Konpira-san, jina lake rasmi Kotohira-gu, ni jinja ya mabaharia Japani nzima. Iko ubavuni mwa mlima uitwao Kichwa cha Ndovu. Na jina Konpira lenyewe si la kwao. Latoka Uhindi, Kumbhira, mungu mamba wa mto Ganges. Limepanda jahazi likafika, kama zilivyotufikia sie chapati.

Ngazi ni 785 hadi ukumbi mkubwa. Zaanza sokoni kabisa, maduka huku na huku, na mwenye duka akupa fimbo ya mianzi uitumie bure. Si bure kitu, maana lazima urudi dukani kwake kuirejesha! Ukipita lango kuu wakuta wauza peremende wamekaa chini ya miavuli meupe mikubwa. Ni watano tu. Ndani ya lango hapana mwengine aruhusiwaye kuuza, ni haki ya familia zao tangu jadi. Peremende yenyewe ya manjano, yaja na kinyundo kidogo cha kuivunjia. Nilimletea mjukuu, kinyundo anacho hata leo, peremende haikufika Singapore.

Sasa nisikizeni. Kuna sanamu ya mbwa pale. Zamani za Edo, enzi ya kabla ya Meiji, mtu akiwa mgonjwa au hana uwezo, na safari ni mbali, humfunga mbwa wake kifuko shingoni. Ndani mna jina la mwenyewe, pesa ya sadaka na pesa ya chakula cha mbwa. Humwachia njiani. Wasafiri wampokea, wamlisha, wampa wa mbele, hadi afike kwa Konpira na arudi. Na sie wa baharini walikuwa na letu: meli ikipita mbali haina nafasi ya kutia nanga, watupa pipa baharini lenye sadaka na bendera. Atakayeliokota, mvuvi yoyote, apaswa kulifikisha mlimani. Pesa yaelea majini na hapana aibaye. Nikafikiri sana juu ya hilo pipa.

Juu karibu na ukumbi kuna banda la picha. Kila aina ya chombo, kutoka majahazi ya kuchorwa hadi meli za mafuta na za gesi, picha zimeletwa na wenye meli kuombea salama. Kuna na picha ya Mjapani wa kwanza kwenda angani mwaka 1990, naye walimhesabu baharia. Na njiani wamesimamisha propela ya shaba, upana wake mita sita. Watalii waipiga picha. Mie niliishika. Niliona meli ya namna ya ile niliyofanyia kazi nikiwa kijana, ambayo wenzangu wawili hawakushuka nayo. Nikasoma Fatiha yangu kimoyomoyo nikatoka. Kila mtu ana lake pale.

Ziko ngazi zaendelea, 1,368 ukizijumlisha zote hadi jinja ya ndani. Magoti yangu yalikataa. Lakini pale kwenye ukumbi waona uwanda wote, daraja kubwa la Seto, na maji. Mwauliza juu kuna nini. Mie juu niliikuta bahari.

Kata Moja

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya mbwa nimesoma mara tatu.

Na hivi, ulizihesabu ngazi?

Baharia wa Kibokoni

Marahaba mwanangu. Nilihesabu nikapata 781, nikaghadhibika. Fundi akanicheka. Kumbe za kupanda ni 786, na 786 kwa Kijapani yasomeka *nayamu*, kuhangaika moyo. Basi mahali fulani wakaweka ngazi moja ya kushuka, ukitoa wabaki na 785. Mie zangu nne zilopotea sijui zilikwenda wapi, labda kwa muuza peremende.

Mpanda Kibo

Fupi. Mimi wa Machame. Nilipanda Fuji kwa kiburi, mita 3,776, nikisema kwetu ni 5,895 hii ni kilima. Ilininyoosha. Ila juu nilikuta: jinja, posta, choo cha kulipia, na mashine ya soda. Kwetu Uhuru hakuna hata kibanda cha chai. Tena kuanzia kituo cha nane kwenda juu, ardhi ni ya jinja ya Sengen. Walishtakiana na serikali hadi mahakama kuu ya juu ikaipa jinja haki mwaka 1974, hati wakaipata 2004. Tangu 2025 kupanda ni yen 4,000. Nilituma postikadi kutoka kileleni kwenda Machame, ikafika.

Gari la Pili

Wakuu, mimi nauza magari, niko Kanagawa muda mrefu. Hadithi yangu si ya kwangu, ni ya mama.

Mama alikuja kututembelea kutoka Kongwa. Mnajua Dodoma mwezi wa kumi, vumbi na anga tupu. Wiki ya pili alichoka kukaa ndani, nikampeleka Oyama. Ni mlima wa mita 1,252, unapanda treni ya Odakyu hadi Isehara, halafu basi. Jinja yake ni Afuri, na jina la zamani la mlima ni kama kusema *Mlima wa Mvua Kunyesha*, kwa sababu mawingu ya baharini hujikusanya pale. Wakulima wa uwanda wote walikuja kuomba mvua. Zama za Edo, mji wa Edo wenyewe (ndio Tokyo ya leo) ukiwa na watu kama milioni moja, wanasema laki mbili kwa mwaka walikwenda Oyama.

Kutoka basi kuna ngazi 362 kati ya maduka ya pia za mbao na hoteli za tofu. Mama alipanda zote akikataa mkono wangu. Baada ya hapo kuna njia mbili, ya wanaume na ya wanawake, ile ya wanaume ikiwa kali zaidi. Akauliza wanawake wanapewaje njia nyepesi wakati ndio wabeba maji. Sikuwa na jibu, nikamkatia tiketi ya kile kibehewa kinachovutwa kwa waya hadi jinja ya chini.

Pale nikamweleza kuwa hapa ni pa kuomba mvua. Akanyamaza. Kisha akaanza kunisimulia kitu ambacho hajawahi kunisimulia hata siku moja, mimi na mvi zangu hizi: kwamba upande wa bibi yake kulikuwa na mtemi, na mtemi ndiye aliyeshika mvua ya watu. Mvua ikigoma wanamwendea yeye. Mimi nimekua najua sisi ni wa kanisa tu, basi. Tulikaa kwenye benchi, uwanda wote wa Sagami uko chini na bahari kule mwisho, anataja majina ya watu ambao nimewasikia kwa mara ya kwanza nikiwa Japani.

Chini ya ukumbi kuna chemchemi, watu wanakinga maji. Mzee mmoja Mjapani alipomwona mama anauliza-uliza, akatueleza kupitia kwangu. Zamani kijiji kikipata ukame walituma vijana kuchota maji Oyama na kurudi nayo mbio bila kupumzika, wakipokezana, kwa sababu ukiyatua chini njiani mvua inanyesha hapo hapo ulipotua, siyo kwenu. Nikatafsiri. Mama akaangalia ile chupa yake ya plastiki ya nusu lita.

Aliijaza. Hakuomba, hakupiga makofi. Akasema tu "haya".

Siku ya kuondoka ilikuwa kwenye sanduku, imeviringishwa kwa kanga mbili. Nikamwambia mama, ndege inatua Doha. Akasema, ninajua.

Naweka Kiti

Sasa ilinyesha wapi???

Gari la Pili

Sijawahi kumuuliza, mkuu. Na yeye hajasema.

Mtu wa Tanga

Mmenipa mengi, asanteni. Dada wa Tsuruoka, mwenye uzi alikuuliza Yudono hukujibu.

Dada wa Tsuruoka

Sikukimbia, nilikuwa zamu.

Nilifika. Kwa mpangilio wao Haguro ni mlima wa maisha ya sasa, Gassan ni wa kifo na mababu, na Yudono ni wa kuzaliwa upya. Kwa hiyo unatakiwa uende mwishoni. Kutoka kwenye torii kubwa unachukua basi dogo kupanda bonde. Ukifika unavua viatu na soksi. Unapewa kikaratasi chenye umbo la mtu, unajifuta nacho, unakiacha kwenye maji. Simu inabaki mfukoni, picha ni marufuku. Hakuna ukumbi pale, kinachoabudiwa chenyewe ndicho kipo mbele yako, na miguu ni mitupu.

Mpiga Ngazi

Ni nini?

Dada wa Tsuruoka

Hapo ndipo nasimama. Sheria ya Yudono ni mbili na ni za kale: aliyefika asisimulie, na asiyefika asiulize. Hata mshairi Basho alipopita mwaka 1689 aliweka kalamu chini.

Naweka Kiti

Dada!! Umetuvusha ngazi 2,446 halafu unafunga mlango?

Dada wa Tsuruoka

Nitakuambia kuhusu basi. Barabara hufungwa mwezi wa 11 kwa theluji na haifunguliwi hadi karibu na Mei. Chukua taulo dogo, utalihitaji kwa miguu.